Nimeshinda mnada, muuzaji kanuna: nifanyeje?

Swali

Assalamu alaykum. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba, nashona makanzu na sare za skuli. Ijumaa iliyopita niliingia mnada kwenye kundi la WhatsApp linaloendeshwa kutoka Unguja. Ilikuwa cherehani ya Juki DDL-8700, kichwa, meza na mota yake, bei ya kuanzia shilingi 250,000, mwisho saa 3 usiku. Nilitoa 420,000, hapana aliyenipita, na msimamizi akaandika "imeuzwa" pamoja na jina langu. Usiku uleule nikatuma arubuni ya 100,000. Asubuhi muuzaji kaniletea voisi, kafoka: eti bei ile ni kumdhulumu, yeye alitaraji si chini ya 700,000, niongeze 200,000 au nisahau. Jioni akasema kapata mtu wa 600,000. Kaka yangu anataka nimpeleke polisi. Wifi yangu anasema nimwachie, mali ya manung'uniko haina baraka. Cherehani naitaka, na skuli zinakaribia kufunguliwa. Nifanyeje?

Jibu

Waalaikumu salamu, dada yangu. Nianze na lile ninaloona limekukaa moyoni kuliko hata fedha: hukumdhulumu mtu. Aliyeipeleka cherehani mnadani ndiye aliyechagua namna ya kuiuza, saa ya kufunga na bei ya kuanzia. Kama hakutaka itoke chini ya 700,000, angetaja kima cha chini tangu mwanzo, au angeiuza kwa bei maalumu bila ya mnada. Alianzia 250,000 ili watu wavutike, na kweli wakavutika. Bei ingepanda mpaka 900,000 asingekurejeshea ziada, na wewe usingekuwa na uso wa kuidai.

Pita Darajani au Malindi, Unguja, wakati samaki wanaponadiwa. Mwenye samaki husimama pale pale, anaona bei inavyokwenda. Kama haimridhishi, wakati wake wa kusema ni dalali angali anaita. Dalali akishatoa, samaki ni wa aliyeshinda. Mnada wa simu haukubadilisha chochote katika hilo.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Mikataba si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar tuna sheria zetu za mikataba na za uuzaji wa bidhaa, na kanuni ya mnada tuliyoirithi ni ile iliyoandikwa Uingereza katika sheria ya mauzo ya 1893: mauzo hukamilika pale mnadi anapotangaza kuwa yamekamilika, kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine iliyozoeleka. Kabla ya tangazo, mnunuzi anaweza kuliondoa dau lake, na muuzaji anaweza kuizuia mali yake. Baada ya tangazo, wote wawili wamefungwa. Kwenye kundi lenu nyundo ni lile neno "imeuzwa". Msimamizi aliliandika kwa idhini ya muuzaji, kwa sababu muuzaji aliipeleka cherehani pale akijua ndivyo kundi linavyofanya kazi. Na wewe ukatuma arubuni, naye akaipokea. Hakuirudisha usiku ule.

Hata hivyo, kabla hujasimama na haki yako, hakikisha imesimama sawasawa. Rudi ukasome kanuni za kundi zilizobandikwa juu. Makundi mengine yameandika wazi kwamba muuzaji ana hiari ya kukataa bei ya mwisho ndani ya muda fulani. Kama kanuni hiyo ipo na wewe ulishiriki ukiijua, basi hoja yake ina mguu. Jingine ni kosa la kweli la kuandika. Mtu aliyekusudia kuanzia 650,000 vidole vikaandika 65,000 hafanani na mtu aliyeanzia alipotaka kisha akajuta. Huyu wako hakusema alikosea. Alisema alitaraji zaidi, na matarajio ya moyoni ambayo hayakutangazwa hayamfungi mtu mwingine.

La tatu ulitazame kwa dhati: je, katika madau yaliyopita kabla ya lako kulikuwa na lolote la kupangwa? Nauliza kwa sababu muuzaji aliyenuna hutafuta kasoro, na kasoro ya kwanza atakayoishika ni hiyo. Kama ulikubaliana na fundi mwenzako asipandishe dau, haki yako imetoboka. Kama hukufanya hivyo, yaani kila mtu alitoa chake na wewe ukawa wa mwisho, huna la kuogopa. Jambo hili linamhusu yeye pia. Muuzaji kumpachika mtu wake apandishe bei bila nia ya kununua kumekatazwa na sheria, na katika dini yetu ni najshi, imekatazwa katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim.

Kuhusu huyo mtu wa 600,000. Kama yupo na ni mwanakundi, alikuwa na nafasi mpaka saa 3 ya kuandika 430,000 na kuichukua. Kama si mwanakundi, kaja baada ya biashara kwisha, na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Kama hayupo, basi ametajwa ili kukutisha. Katika hali zote tatu jawabu lako ni lile lile, kwa hiyo usipoteze usingizi kumtafuta ni nani.

Na tafadhali usiongeze hata senti katika bei. Najua utashawishika kumaliza maneno kwa 50,000. Tatizo ni wale wengine mlioshindana nao. Aliyetoa 400,000 au 410,000 alisimama akiamini bei ya mwisho ni ile itakayotangazwa. Leo mkielewana pembeni kwa 470,000, mmemnyima yeye nafasi ambayo pengine angeitumia. Na muuzaji akishaona kununa kunalipa, mnada ujao atanuna tena. Ukiona huruma juu ya hali yake, cherehani ikishafika Wete na ikashona, mpe zawadi kwa hiari yako. Zawadi si sehemu ya bei.

Sasa wifi yako. Maneno yake nayaheshimu, na yana asili. Kumkubalia mwenzio aliyejuta mrejeshane, kila mtu na chake kwa bei ile ile, ni wema ambao mafakihi huuita iqala, na ipo Hadithi kwa Abu Daud na Ibn Majah kwamba mwenye kumkubalia Muislamu hilo, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Lakini huo ni wema wako wewe mwenye haki, unautoa ukipenda. Haudaiwi kwa kufokewa. Qur'ani katika aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza ahadi, na amri hiyo inamuelekea muuzaji kabla ya kukuelekea wewe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kuuza kwa bei ya chini peke yake, bila ya udanganyifu, hakumpi muuzaji ruhusa ya kuvunja. Wala mnada wenyewe hauna kasoro: Anas bin Malik amesimulia jinsi Mtume mwenyewe alivyonadi tandiko na bakuli la mtu masikini wa Kiansari, mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili akachukua.

Kwa hiyo baraka haikimbii kwa sababu mtu kanuna. Ukiamua kumsamehe, msamehe kwa kuwa umeona dhiki yake ni ya kweli, labda anauguza au anadaiwa. Muulize kwa upole. Lakini kwa ulivyoeleza, mtu anayetaja mnunuzi mwengine wa 600,000 hakuja na dhiki, kaja na biashara mpya.

Kaka yako naye amekasirika kwa ajili yako, na mshukuru, ila polisi kwa sasa siyo mahali pake. Mgogoro wa kutotimiza mauziano ni wa madai. Utageuka jinai ikiwa itabainika hakuwa na cherehani tangu mwanzo na picha aliziokota, au akila arubuni akazima simu. Hapo ndipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika pande zote mbili za Muungano, inaweza kuingia. Sheria hiyo hiyo inakugusa na wewe: usibandike picha yake na namba yake kwenye makundi ukimwita mwizi, wala usimtumie matusi ya usiku. Kumtisha na kumsumbua mtu kwa simu ni kosa hata kama unamdai. Na usikubali ushauri wa kupiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu ukidai zile 100,000 zilikwenda namba isiyo sahihi ili zirudishwe. Hazikwenda kimakosa, na ukisema hivyo umesema uongo unaokuvunjia kesi nzuri.

Leo hii, kabla hujamjibu, hifadhi ushahidi. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kufutwa kwa wote, na msimamizi anaweza kufuta wa mtu yeyote. Piga picha za skrini tangu tangazo la kwanza la cherehani, picha zake zote, madau yote yakiwa na saa zake, lile "imeuzwa", mpaka ujumbe wa muamala wa 100,000. Zile voisi zake zihifadhi nje ya simu, mtumie hata kaka yako.

Kisha mwandikie. Mwandikie yeye peke yake, usianze kundini, maana mtu akishatahayarishwa mbele za watu hushikilia hata lile alilokwisha kulijutia. Mimi ningeandika hivi:

"Assalamu alaykum kaka. Nimekusikiliza na nimefahamu kuwa bei haikufika ulipotaraji, pole sana kwa hilo. Mnada ulifungwa Ijumaa saa 3 usiku kwa 420,000, msimamizi akatangaza, na nimeshakutumia 100,000. Mimi nipo kwenye makubaliano yale yale. 320,000 zilizobaki ninazo tayari. Ndugu yangu aliyeko Unguja atakuja kuikagua cherehani na kukukabidhi fedha siku utakayosema, isipite Jumamosi. Kama umeamua kutoiuza, naomba unijibu kwa maandishi na unirejeshee 100,000 zangu kwenye namba hii hii kabla ya siku hiyo. Ahsante."

Angalia, ndani yake hamna mahkama, hamna dhulma, hamna "nitakuonesha". Pole ipo kwa sababu ni kweli mtu huumia kuona mali yake imetoka kwa bei ndogo kuliko alivyoipangia, na kumpa pole hakukupunguzii kitu. Umempa njia mbili zenye heshima na siku ya mwisho. Akikupigia badala ya kuandika, msikilize mpaka amalize, usibishane, halafu baada ya simu mwandikie: "Kama tulivyozungumza sasa hivi, umesema kadha wa kadha." Hayo ndiyo maandishi utakayoyahitaji baadaye.

Sambamba na hapo mpigie msimamizi. Kwenye eBay, soko la minada la mtandaoni, muuzaji anayefuta mauzo kwa kuwa bei haikumpendeza huhesabiwa doa kwenye rekodi yake, na tangu 2008 hana hata uwezo wa kumwekea mnunuzi alama mbaya kwa kulipiza. Kundi lenu halina mfumo huo. Lina msimamizi na watu walioshuhudia, na wote wanataka minada yao iaminike. Mwombe yeye ndiye azungumze na muuzaji, mtu na mtu, akimkumbusha kuwa kundi litakalovunja mnada mmoja halitapata madau ya maana mnada wa pili. Naona hapa ndipo suala lako lina uwezekano mkubwa wa kumalizika.

Akikubali kutoa cherehani, hapo ndipo uongeze macho. Muuzaji aliyetoa kwa shingo upande ana vishawishi: kubadilisha mota, kuzuia stendi ya nyuzi, kutoa meza nyingine. Mwombe ndugu yako aende pamoja na mtu anayejua kushona, wakiwa na zile picha za tangazo kwenye simu. Walinganishe namba iliyoko kwenye kibati cha kichwa na ile ya kwenye picha, kama inasomeka. Waangalie mota chini ya meza ni ile ile. Tofauti ya mota ya klachi, inayozunguka muda wote, na ya sevo, inayozunguka unapokanyaga tu, wewe unaijua kwenye bili ya umeme na kwenye kelele. Waiwashe, waikimbize, watazame kile kidirisha kidogo juu ya kichwa: oili lazima ionekane ikiruka ndani yake. Isiporuka, pampu haivuti au bakuli la chini ni kavu, na kichwa kilichokimbia bila oili kinakula fedha. Kisha washone, kitambaa chepesi cha kanzu kwanza, halafu kitambaa kizito cha suruali za skuli mikunjo minne, wageuze waone mshono wa chini. Wahesabu bobini na nyumba yake, kanyagio, mkanda. Kila kilichokuwa kwenye tangazo ni sehemu ya bei.

Fedha iliyobaki itolewe pale pale baada ya ukaguzi, kwa simu ili ibaki na kumbukumbu, na muuzaji aandike karatasi: jina lake, aina ya cherehani, namba ya kichwa, 420,000, tarehe, saini. Waombe wamwage oili iliyoko kwenye bakuli kabla kichwa hakijapakiwa, la sivyo itamwagikia meza na mizigo ya watu kwenye chombo. Gharama za hamali na nauli ya mzigo mpaka Mkoani au Wete, kama tangazo halikuzitaja, zihesabu ni zako na usizigeuze ugomvi mpya.

Akikataa, na akarejesha 100,000 zote, una uamuzi wa kufanya kwa utulivu. Unaweza kuishia hapo. Unaweza pia kudai hasara, lakini jua inavyopimwa: mahkama kwa kawaida haitamlazimisha mtu kutoa cherehani ambayo nyingine kama yake inapatikana sokoni. Itatazama tofauti ya bei uliyoshinda na bei ya soko siku aliyopaswa kukukabidhi. Ukinunua ya aina ile ile, hali ile ile, kwa 550,000, tofauti ni 130,000. Pima mwenyewe kama inafaa safari na siku za kuacha kushona.

Akikataa na arubuni akaishikilia, usinyamaze. Anza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, wa shehia anakokaa, masheha wetu wanamaliza mengi ya namna hii kwa kuwaweka watu kitako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, kina ofisi Pemba, na wasaidizi wa sheria wa karibu nawe watakusaidia kuandika barua ya madai. Kama muuzaji huyu ni mfanyabiashara na si mtu aliyeuza kitu chake cha nyumbani, malalamiko yako yanaweza pia kupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Usiende kwa kadhi. Mahkama ya Kadhi inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo ya familia. Deni kama hili hufunguliwa mahkama za kawaida.

Na kwa sababu sare hazisubiri, anza kuulizia cherehani nyingine leo, Chake Chake na Unguja, huku ukingoja jibu lake. Uliza bei, omba picha, andika majina. Ila usilipie yoyote mpaka Jumamosi uliyompa ipite, usije ukajikuta na cherehani mbili na mfuko mtupu.